Chupa za Ayeyo Maka

Katika miaka yake kumi na minne ya upolisi, Sajini Godana Dabasso alikuwa amekamata wezi wa ngamia, wauza risasi waliovuka mpaka pale Diff, na mwanamume mmoja aliyemuua shemeji yake kwa kugombea zamu ya kisima. Hakuwahi kumkamata mtu kwa sababu ya makohozi. Lakini ndiyo kazi aliyopewa asubuhi ile hapo Habaswein, mwisho wa mwezi wa pili mwaka 1956, na akaambiwa aimalize kabla ya saa kumi alasiri, lori la Garissa litakapoondoka na mshtakiwa.

Alipotoka nyumbani, Maryan alikuwa amekaa mlangoni akimnyonyesha Madina. Mtoto alikuwa na miezi sita na mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa. Mama yake, Qabale, mke wa Godana, alifariki siku ya saba baada ya kujifungua, na kwa miezi minne Madina aliishi kwa maziwa ya mbuzi na dua, akakonda hadi majirani wakaacha kuuliza habari zake. Maryan alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga mwezi wa kumi na mbili, na maziwa yake yalikuwa hayajakauka. Alikubali kumnyonyesha. Godana alimtaka kitu kimoja tu kabla hajamwachia mtoto: cheti cha daktari wa kifua.

Maryan alikuwa nacho. Namba 23, jina lake, sahihi ya daktari, na neno moja lililopigwa muhuri wa wino mwekundu: SAFI. Godana alikiomba, akakikunja, na tangu siku hiyo kilikaa katika mfuko wa shati lake, upande wa kushoto. Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita.

"Unakohoa," alimwambia Maryan asubuhi ile akifunga kamba za viatu.

"Ni fumbi, Sajini. Hii ubebo ya sasa nabeba fumbi tu."

Upepo ulikuwa na vumbi kweli, hata mbuzi walikuwa wakipiga chafya. Godana aligusa mfuko wake na kuondoka.

Kambi ya utafiti ilikuwa hema tatu nyeupe karibu na barabara ya Wajir. Watafiti waliletwa kutoka Nairobi kuhesabu ni watu wangapi katika nchi hii ya wafugaji walikuwa na kifua kikuu, ili baadaye vidonge vipya viletwe na kujaribiwa. Mkuu wao alikuwa Dakta Lobo, Mgoa mwembamba mwenye miwani, ambaye hakulala vizuri na alitaka kila mtu ajue.

"Angalia hapa, Sajini," alisema bila salamu, akimsukumia kigoda mbele ya hadubini. "Funga jicho moja."

Godana aliinama. Aliona uwanja wa bluu, na juu yake vijiti vidogo vyekundu, vingine viwili viwili, vingine vimelaliana.

"Hiyo ni ya Rage. Mke wake Sirad ameleta kitambaa chake baada ya mazishi. Hivyo vijiti ndiyo vimemuua."

"Na vinaingiaje kwa mtu?"

"Kwa pumzi. Mmoja anakohoa, nyumba nzima inavuta. Watoto kwanza." Daktari alivua miwani akaifuta. "Huyu Rage mimi nimempa cheti. Nimeandika safi kwa mkono wangu. Amekwenda nyumbani na hicho cheti, amekohoa, wiki iliyopita amekufa kwa kutapika damu. Nataka kujua nani amenichezea."

"Kwa nini hukutazama makohozi yake kwa hiki chombo tangu mwanzo?"

"Hadubini ilivunjika kioo njiani. Hii mpya imefika mwezi huu. Kwa hiyo chupa zote zilikwenda Nairobi. Kule wanapanda makohozi juu ya yai, wanaweka kwa joto, wanangoja wiki sita. Mdudu akiwemo, anaota. Chupa ya Rage ni namba 17, na haikuota kitu." Aliinua kidole. "Nani amekusanya chupa? Msaidizi wangu, dresa Alio. Rage ni nani? Shemeji ya Alio. Rage alikuwa anaozesha binti mwaka huu. Watu wakisikia nyumba ina kifua, nani ataoa? Basi Alio ametema mate yake mwenyewe ndani ya 17. Kesi imekwisha."

Kesi zinazokwisha saa mbili asubuhi zilimtia Godana wasiwasi. Aliomba karatasi ya majibu kutoka Nairobi, akaiweka juu ya goti na kuisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Maboma matatu yalipimwa. Katika boma la kwanza wagonjwa walikuwa wanne, katika la pili sita. Kando ya namba nyingine palikuwa na alama ndogo ya msalaba.

"Hii alama?"

"Kuvu. Chupa imeharibika, haina jibu. Kila kundi lazima zipatikane mbili tatu."

"Boma la Ayeyo Maka halina hata moja."

"Wana bahati."

Godana alirudia kuhesabu. Chupa thelathini na nane za boma la Ayeyo Maka, bibi aliyejulikana hadi soko la Garissa kwa samli yake na ulimi wake. Hakuna mgonjwa, hakuna kuvu, hakuna chochote. Rage alitoka boma hilo. Maryan pia. Aliandika katika daftari lake: *38, hata kuvu hapana*. Mtu akiwa na bahati mara thelathini na nane mfululizo, polisi humtafuta.

"Chupa yenyewe iko wapi?"

Daktari alifungua kisanduku. Alikuwa ameagiza namba 17 pekee irudishwe kama ushahidi, zingine zilibaki Nairobi. Ilikuwa chupa nene ya kioo yenye mdomo mpana. Godana aliiinua juu kwenye mwanga. Ndani, chini ya shingo pale maji ya kuoshea hayakufika vizuri, palikuwa na ukoko wa rangi ya kahawia. Aliunusa. Harufu ilikuwa imebaki kidogo sana, na alikuwa na hakika aliwahi kuinusa mahali, si zamani. Alishindwa kukumbuka wapi, na jambo hilo lilimkera; akaitia chupa mfukoni.

"Umepoteza dawa yoyote mwezi ule wa kukusanya chupa?"

Daktari alishtuka. "Laisoli. Ile ya kuua wadudu. Chupa moja kubwa haiko stoo." Akajipiga gotini. "Basi ametia Laisoli! Ni mbaya zaidi!"

Korokoroni palikuwa na joto la kukata pumzi. Alio, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyependa kuvaa koti jeupe hata siku ya Ijumaa, alikuwa amekaa sakafuni bila koti tangu askari walipomleta alfajiri. Pingu zilikuwa zimemchubua.

"Laisoli iko wapi?" Godana alianza hapo, bila salamu.

Alio alifumba macho. "Umejua."

"Iko wapi?"

"Nilifunja, Sajini. Ilitoka kwa mkono. Dokta alikuwa ameshasema, mtu akifunja kitu ingine atarudi kwao. Nikafukia nyuma ya hema, bale kwa mti ya miiba. Walahi, ni hiyo tu."

"Ulifukia yote?"

"Yote. Na fidole nikajikata." Alionyesha kovu.

Godana alimtoa, akamvuta hadi kwenye mti huo na kumwamuru achimbe kwa mikono yenye pingu. Vigae vilitoka, na mchanga ulionata. Godana alichukua konzi ya mchanga ule akaunusa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaitoa namba 17 mfukoni, akanusa tena. Ilikuwa ni mbingu na ardhi. Laisoli ilikwaruza pua. Ile ya chupani ilikuwa harufu tamu, ya moto uliozimika.

"Hukutia hii ndani ya chupa," alisema.

Alio alianza kulia bila aibu, akijifuta kwa bega. "Nitafungwa, Sajini. Baba yangu ameuza ngamia wawili nikasome hii kazi."

"Bado hujafunguliwa. Ulikusanyaje chupa?"

"Maboma ingine, watu walitema mbele yangu. Kwa Ayeyo Maka mvua ilinyesha, lori ikakwama matobeni. Nikaacha chuba zote kwa Ayeyo jioni, na nikaeleza fizuri: kila mtu akiamka, kabla hajakunywa kitu, akohoe ndani. Asubuhi nikachukua. Zilikuwa zimefungwa, ziko namba. Safi kabisa."

"Zililala kwa Ayeyo usiku mzima."

"Ndiyo. Nani angegusa? Chuba ya serikali!"

Godana alimrudisha ndani, akajaza chupa yake ya maji na kushika njia. Boma la Ayeyo Maka lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Njiani alipanga maswali. Aliwaza juu ya mtu mmoja mwenye chuki na Rage, au mtu mmoja mwenye kumpenda Rage kupita kiasi, anayenyemelea chupa moja. Alitaka sana iwe chupa moja. Alijikuta anatembea haraka kuliko jua lile lilivyoruhusu.

Ayeyo Maka alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake ya mikeka, akisuka kamba. Alijibu salamu kwa ukamilifu, akauliza afya ya mtoto, ya ngamia, ya serikali, na baada ya hapo tu akamruhusu mgeni akae.

"Umekuja juu ya Alio," alisema. "Mtoto bumbafu lakini hana ubaya. Kwanza kunywa."

Alimwita mjukuu wake, Fatumo, msichana wa miaka kumi na sita. Fatumo alichukua chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, akaokota kaa la moto kwa vijiti viwili, akaliingiza ndani, akafunga kifuniko. Alitikisa. Moshi mweupe ulipenya kandokando ya kifuniko. Alifungua, akalitupa kaa, akapangusa ndani kwa brashi ya nyuzi, akarudia kwa kaa la pili. Halafu akamimina maziwa ya ngamia, akamkabidhi Godana kwa mikono miwili.

Godana alipeleka chombo mdomoni. Harufu ikamfika kabla ya maziwa. Mkono wake ulisimama hapo hapo.

Ilikuwa harufu ya nyumbani kwake kila asubuhi, ya shati lake, ya kikombe cha Madina, tangu Maryan aingie mle ndani. Ilikuwa harufu ya namba 17.

Aliweka chombo chini polepole, kwa sababu kuyamwaga maziwa mbele ya mwenyeji ni tusi.

"Ayeyo," alisema. "Zile chupa alizoacha Alio. Mlizifanya nini?"

"Kwani zilikuwa na uchafu?" Bibi aliacha kusuka. "Nani amesema tumetoa chuba chafu?"

"Hakuna aliyesema. Nauliza tu."

"Serikali analeta chuba kwangu, ndani nanuka dawa mbaya. Anasema hii naenda Nairobi, mbele ya madokta wakubwa. Mimi nitoe kitu ya boma yangu kwa chombo nanuka? Waseme watu ya Maka ni wachafu?" Alijipiga kifua. "Tulifukiza. Mimi na Fatumo. Usiku tulimaliza kuni ya siku mbili."

"Mlifukiza namba ngapi?"

"Namba gani? Zote!"

"Zote thelathini na nane?"

Fatumo aliitikia, akimwita Godana ami, akijivunia kazi yake. "Mara tatu tatu, adeer, hata mdomo wa chuba. Na asubuhi watu walipomaliza kukohoa, ndani ilikuwa bado na moshi. Tukafunga haraka ili usitoke."

Moshi unaokaa kwenye chombo na kuyalinda maziwa yasiharibike siku tatu nzima juani. Godana alikuwa ameunywa moshi huo tangu alipoachishwa ziwa na aliijua kazi yake. Kinachozuia maziwa kuchacha huzuia pia kuvu. Na kinachozuia kuvu kitamfanyia nini mdudu mvivu anayehitaji wiki sita kuota? Hapakuwa na mwizi wala mlaghai. Palikuwa na wanawake wawili wenye heshima zao, waliosafisha chupa za wageni kama wanavyosafisha chombo cha maziwa, na wakaua kile ambacho daktari alikuwa anakitafuta.

Alio alikuwa huru. Godana angepaswa kufurahi. Badala yake aligusa mfuko wa shati lake. Kama Alio angekuwa na hatia, cheti kimoja kingekuwa cha uongo. Sasa vyote thelathini na nane havikuwa vyeti tena. Zilikuwa karatasi thelathini na nane tupu zenye muhuri mwekundu, na moja iko mfukoni mwake.

"Ayeyo. Yule mtoto wa Maryan, aliyekufa mwezi wa kumi na mbili. Aliumwa nini?"

Bibi alitazama kamba yake.

"Homa. Alikonda. Alikohoa mwezi mzima." Kisha akasema, "Hukuuliza wakati ule, mwanangu."

Hakuuliza. Yeye, ambaye huuliza hata mbuzi wametokea upande gani, aliona neno SAFI akafunga daftari.

Alikunywa maziwa yote kwa mkupuo, akashukuru, na alipofika nje ya ua wa miiba alianza kukimbia.

Dakta Lobo alisikiliza akiwa amesimama, na kadiri Godana alivyoendelea ndivyo alivyotafuta mahali pa kukaa. Alipoambiwa habari ya kaa la moto alichukua namba 17, akakwangua ukoko kwa wembe, akanusa.

"Nimewaambia wakohoe asubuhi," alisema hatimaye. "Nimewaambia wasinywe chai. Sikuwaambia wasisafishe chupa. Nani anafikiri kuwaambia watu wasisafishe?"

"Andika Alio afunguliwe."

Daktari aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi. "Na wale wote lazima waitwe tena. Leo leo. Wanakaa na watu, wanakula na watu..."

"Anza na namba 23," alisema Godana.

Daktari alipitisha kidole kwenye orodha. Aliliona jina, akainua macho. Habaswein ni ndogo, kila mtu alijua nani anamnyonyesha mtoto wa Sajini.

Godana alimkuta Maryan akiwa ameketi karibu na jiko, Madina amefungwa mgongoni. Alimweleza maneno machache, kwa sababu machache ndiyo aliyoyapata. Alimpa chupa mpya. Maryan aliigeuzageuza, akaunusa mdomo wa chupa, akakunja uso, na mkono wake ukaenda wenyewe kuchukua vijiti vya kuokotea makaa.

"Usiifukize," Godana alisema kwa ukali hadi mtoto akashtuka. Akaishusha sauti. "Hivyo hivyo ilivyo, walaal, dada yangu. Tafadhali."

"Inanuka, Sajini. Ni aibu."

"Aibu ni yangu."

Maryan alimfungua Madina mgongoni, akamlaza kwenye mkeka, akatoka nje, akainama. Kikohozi kilichomtoka hakikuwa cha vumbi. Kilianzia mbali, kikaja na mwili mzima, na Godana alisimama pale akijua kwamba amekuwa akikisikia kila asubuhi kwa wiki sita.

Daktari alipaka kioo, akakipasha moto, akamwaga rangi nyekundu, akaosha kwa tindikali, akamwaga ya bluu. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya nusu saa. Nje, dereva wa lori la Garissa alipiga honi mara moja. Alio, koti lake jeupe begani, alikwenda kumwambia aondoke, hakuna mshtakiwa. Kisha akarudi akasimama mlangoni mwa hema, akitaka kushukuru. Alipouona uso wa Sajini aliacha.

Dakta Lobo aliinama juu ya hadubini. Alisogeza kioo kidogo kulia. Akasogeza tena. Godana alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika arobaini na mbili. Daktari aliinuka, akavuta kigoda nyuma, akasimama kando.

Godana alifumba jicho moja.

Uwanja ulikuwa wa bluu. Alitazama pembe moja hadi nyingine kwa utaratibu, kama anavyopekua chumba, na alifika karibu mwisho akiwa na matumaini. Vilikuwa pale, ukingoni. Vijiti vitatu vyekundu.

"Vidonge ninavyo kidogo," alisema daktari nyuma yake. "Mama tutaanza leo. Mtoto tutamchoma sindano ya kupima mkononi, tungoje siku tatu. Pengine, Sajini. Wakati mwingine mtoto anaponyoka."

Godana alikitoa cheti mfukoni, akakiweka juu ya meza ya ushahidi, kando ya namba 17. Kisha akatoka.

Maryan alikuwa amekaa katika kivuli cha hema, Madina amelala kifuani pake, mdomo bado uko kwenye ziwa. Alisikia hatua akainua uso.

"Mimi ni safi, Sajini?"

Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuuliza. Sasa aliulizwa yeye. Maryan alimtazama, na hakungoja. Alimtoa Madina kwenye ziwa taratibu, akafunga nguo yake, akambusu kichwa, halafu akashtuka kwa kumbusu. Alimpeleka mtoto kwa mikono miwili hadi kwa baba yake, na alipokuwa amekwisha kumwachia aligeuza uso upande unakokwenda upepo, akaziba mdomo kwa shela yake na kukohoa.

Madina aliamka akaanza kulia, akitaka kurudishwa. Godana alimkumbatia, akasimama katika jua, akikisikiliza kilio kile pumzi kwa pumzi, akitafuta ndani yake kitu ambacho hakutaka kukipata.